Chanjo Iliyosubiri Miaka Kumi: Utafiti wa Ebola na Ridhaa ya Wananchi Afrika Magharibi

Tarehe 23 Machi, 2015, katika ukanda wa pwani wa Guinea, wataalamu wa afya walianza kuwachanja watu waliotangamana na wagonjwa wa Ebola. Ulikuwa umetimia mwaka mmoja kamili tangu Shirika la Afya Duniani litoe taarifa ya kwanza ya mlipuko huo, na zaidi ya watu 10,000 walikuwa wamekwishafariki dunia nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone. Chanjo yenyewe haikuwa mpya. Tangu mwaka 2005 wanasayansi wa maabara ya serikali ya Kanada iliyopo Winnipeg walikuwa wamechapisha matokeo yanayoonesha kuwa chanjo hiyo iliwakinga tumbili wote waliopewa. Ikabaki kwenye majokofu kwa karibu miaka kumi, kwa kuwa ugonjwa ulioaminika kuwapata watu wachache wa vijijini haukuwa na soko la kuyavutia makampuni.

Makala haya yanaeleza kilichofuata pale utafiti wa tiba ulipolazimika kufanyika katikati ya mlipuko, katika jamii ambazo nyingi zilikuwa na sababu za kutomwamini mtafiti. Yanagusa pia milipuko ya miaka ya karibuni katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, ambako yaliyopatikana Afrika Magharibi yametumika.

Miezi mitatu bila jina

Uchunguzi wa baadaye ulibaini kuwa mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mdogo wa kijiji cha Meliandou, wilaya ya Guéckédou, kusini mashariki mwa Guinea, aliyefariki Desemba 2013. Kwa miezi mitatu ugonjwa ulienea bila kutambuliwa. Homa, kuharisha na kutapika ni dalili za kila siku katika eneo hilo lenye malaria, kipindupindu na homa ya Lassa, na hapakuwa na maabara ya jirani yenye uwezo wa kutofautisha. Sampuli za damu zilisafirishwa hadi Ufaransa, na jibu likatoka Lyon mwezi Machi 2014.

Guéckédou iko karibu na mpaka wa Liberia na Sierra Leone. Wakazi wake wengi ni Wakissi, ambao ndugu zao wanaishi katika nchi zote tatu. Wanavuka mpaka kwenda sokoni, kuuguza na kuzika. Kwa njia hiyo ugonjwa uliifikia miji mikuu ya Conakry, Monrovia na Freetown, jambo ambalo milipuko ya awali ya Afrika ya Kati haikuwa imelifanya kwa kiwango hicho.

Nchi hizo zilikuwa zimetoka katika vita na misukosuko ya kisiasa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zilikuwa na daktari mmoja au wawili kwa kila watu 100,000, na hao wachache ndio waliotangulia kupata maambukizi. Zaidi ya wahudumu wa afya 800 waliugua katika nchi tatu na zaidi ya 500 kati yao wakafariki. Miongoni mwao ni Dkt. Sheik Umar Khan, aliyeongoza kitengo cha homa ya Lassa katika Hospitali ya Serikali ya Kenema nchini Sierra Leone. Alifariki tarehe 29 Julai, 2014. Dozi za dawa ya majaribio ya ZMapp zilikuwapo katika kituo alimolazwa cha Kailahun, na madaktari waliokuwa wakimtibu walijadiliana kama wampe dawa ambayo haijawahi kutumika kwa binadamu. Waliamua wasimpe. Siku chache baadaye dawa hiyo ilitumika kwa wahudumu wawili wa Marekani waliougulia Liberia, na wote wawili wakapona.

Uamuzi wa Kailahun ulikuwa mgumu, na hauwezi kuhukumiwa kwa matokeo yaliyojulikana baadaye, kama Dkt. Khan angepewa dawa na kufariki, huenda ingesemwa kuwa Waafrika wamegeuzwa wanyama wa maabara. Hata hivyo, kwa wananchi wa Sierra Leone waliobaki na taarifa za redioni tu, kilichoonekana ni kwamba dawa ilikuwapo na haikutolewa kwa daktari wao.

Hadi dharura ya kimataifa iliyotangazwa tarehe 8 Agosti, 2014 ilipoondolewa tarehe 29 Machi, 2016, watu zaidi ya 28,600 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,300 wamefariki.

Utafiti uliofanyika na kusahauliwa

Wakati mlipuko unaendelea ilisemwa mara nyingi kuwa Ebola haikuwahi kujulikana Afrika Magharibi. Kauli hiyo haikuwa sahihi. Mwaka 1982 watafiti wa Kijerumani walichapisha katika jarida la kisayansi la Ulaya matokeo ya uchunguzi wa damu za wananchi wa Liberia. Karibu asilimia 6 ya sampuli zilikuwa na kingamwili dhidi ya virusi vya Ebola, na waandishi walipendekeza Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye uwezekano wa ugonjwa huo.

Pendekezo hilo halikuwafikia waliolihitaji. Mwaka 2015 maofisa waandamizi wa Wizara ya Afya ya Liberia walieleza hadharani kuwa hapakuwa na Mliberia hata mmoja miongoni mwa waandishi wa utafiti huo, na kwamba daktari wa Liberia aliyetaka kusoma moja ya makala za aina hiyo kwenye mtandao angetakiwa kulipa dola 45 za Marekani, sawa na mshahara wake wa karibu nusu wiki. Damu ilitoka Liberia, maarifa yakabaki Ulaya.

Ni vema kulitazama jambo hili kwa makini, kwani changamoto ya utafiti wa afya barani Afrika huelezwa zaidi kama upungufu wa vifaa na fedha. Katika mfano huu vifaa vilikuwapo, fedha zilipatikana, na sayansi ilifanyika ipasavyo. Kilichokosekana ni mtafiti mzalendo ndani ya kazi hiyo, ambaye angeirudisha wizarani, akaifundisha chuoni na kuikumbuka mgonjwa wa kwanza alipoletwa wodini.

Hofu yenye historia

Tarehe 16 Septemba, 2014, ujumbe wa maofisa wa afya, viongozi wa eneo na wanahabari ulifika Womey, katika mkoa wa N'Zérékoré nchini Guinea, kutoa elimu kuhusu Ebola. Wakazi wakaushambulia. Watu wanane wa ujumbe huo waliuawa. Wiki chache kabla ya hapo, mjini N'Zérékoré, watu walifanya vurugu baada ya soko kupuliziwa dawa ya kuua vijidudu, wakiamini kuwa dawa hiyo ndiyo iletayo ugonjwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo, katika mtaa wa West Point jijini Monrovia, kituo cha kuwatenga wagonjwa kilivamiwa, na siku chache baadaye serikali ikaufunga mtaa mzima kwa karantini.

Mauaji hayana utetezi. Lakini kuyaita ujinga wa wanakijiji na kuishia hapo kusingemsaidia mtaalamu aliyetakiwa kuingia kijiji kinachofuata. Wageni walifika wakiwa wamevaa mavazi yanayoficha uso, wakawachukua wagonjwa, na wengi wa wagonjwa hao hawakurudi. Familia hazikuoneshwa hata kaburi. Mjini Monrovia, kuanzia Agosti 2014, miili ya waliofariki ilichomwa moto kwa amri ya serikali, katika nchi ambayo watu wake hutembelea na kusafisha makaburi ya wazee wao kila mwaka. Baadhi ya familia zikaanza kuwaficha wagonjwa na kuzika usiku. Uchomaji ulisitishwa mwishoni mwa mwaka huo, na ardhi ya makaburi ikatengwa nje ya jiji.

Utaratibu wa mazishi ulipobadilishwa, hali ilibadilika. Mwongozo mpya wa Novemba 2014 uliruhusu familia kushuhudia mazishi kwa umbali salama, kuteua mtu wa kuomba dua, na kutumia sanda au jeneza. Katika kijiji kimoja cha Guinea alifariki mjamzito, na mila za Wakissi hazikuruhusu mama azikwe akiwa na mtoto tumboni, wakati kumtoa mtoto huyo kungemwambukiza yeyote ambaye angeifanya kazi hiyo. Mwanaanthropolojia aliyekuwa na timu ya afya alikaa na wazee, akauliza kama mila hiyo ina njia ya kufidia kosa lisiloepukika. Ilikuwapo: tambiko la fidia. Likafanyika, gharama zake zikalipwa, na mama akazikwa salama bila mtu mwingine kuambukizwa.

Upande wa Nigeria, historia ya shaka ilikuwa ya karibu zaidi. Mwaka 1996 mlipuko wa homa ya uti wa mgongo uliwapata zaidi ya watu 100,000 nchini humo na kuua zaidi ya 11,000. Katikati ya mlipuko huo, mjini Kano, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa yake mpya ya Trovan kwa watoto wapatao 200, nusu yao wakipewa dawa hiyo na nusu dawa iliyokuwa ikitumika. Watoto 11 walifariki, watano wa kundi la kwanza na sita wa kundi la pili, na wengine walibaki na ulemavu. Kampuni ilisisitiza kuwa vifo vilisababishwa na ugonjwa wenyewe na kwamba wazazi waliridhia kwa mdomo. Familia zilisema hazikuelezwa kuwa hilo lilikuwa jaribio. Barua ya kibali cha kamati ya maadili ya hospitali ilibainika kuandikwa baadaye, kwa kuwa kamati hiyo haikuwapo wakati wa jaribio. Shauri na Jimbo la Kano lilimalizwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75, bila kampuni kukiri kosa.

Vifo vya makundi hayo mawili vilikaribiana, na kwa takwimu peke yake mtu anaweza kusema dawa haikuwa mbaya kuliko nyingine. Wazazi wa Kano walikuwa wanauliza swali lingine: kwa nini hawakuambiwa? Mwaka 2003, viongozi wa Kano walipositisha chanjo ya polio wakidai ina kemikali za kuzuia uzazi, kumbukumbu ya jaribio hilo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Usitishaji ulidumu takriban miezi 11 na kumalizika baada ya serikali ya jimbo kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Katika kipindi hicho na kilichofuata, virusi vya polio kutoka kaskazini mwa Nigeria vilisambaa hadi katika nchi karibu 20. Bara la Afrika lilikuja kuthibitishwa kuwa huru dhidi ya polio ya asili tarehe 25 Agosti, 2020.

Mlipuko uleule wa 1996 ulizaa pia utafiti wa namna nyingine. Mawaziri na wataalamu wa afya wa nchi za ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, waliomba chanjo itakayowafaa watu wao, na walieleza sharti la bei: isizidi nusu dola kwa dozi. Taasisi ya Serum ya India ilikubali kuitengeneza. Majaribio yalifanyika Mali, Gambia, Senegal na kwingineko, yakisimamiwa na wataalamu wa nchi hizo, na tarehe 6 Desemba, 2010 chanjo ya MenAfriVac ilizinduliwa Burkina Faso, ambako zaidi ya watu milioni 10 walichanjwa katika siku chache. Kuanzia mwaka 2017 hakuna mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aina ya A aliyethibitishwa katika ukanda huo. Chanjo hii haisemwi sana, pengine kwa sababu haikuwa na kisa cha kusisimua magazeti.

Nigeria nayo iliitumia kazi ya polio kwa namna isiyotarajiwa. Msafiri mwenye Ebola alipowasili Lagos tarehe 20 Julai, 2014, Dkt. Ameyo Stella Adadevoh alikataa shinikizo la kumruhusu atoke hospitalini. Daktari huyo aliambukizwa na kufariki mwezi uliofuata. Kituo cha dharura kilichojengwa kwa ajili ya polio kikahamishiwa kwenye Ebola mara moja, pamoja na watumishi wake waliozoea kubisha hodi nyumba hadi nyumba. Watu 894 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa kwa ziara zipatazo 18,500. Wagonjwa wote walikuwa 20, vifo vinane, na tarehe 20 Oktoba, 2014 nchi ikatangazwa kuwa huru.

Jaribio la Guinea

Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2014, chanjo ya Kanada ilikuwa ikijaribiwa usalama wake kwa watu wachache wenye afya njema, ikiwa ni pamoja na watu wa kujitolea mjini Kilifi, Kenya, na Lambaréné, Gabon. Swali lililobaki ni namna ya kupima kama inakinga katika mlipuko.

Utaratibu wa kawaida wa utafiti ni kuwagawa watu katika makundi mawili kwa bahati nasibu, wengine wapate chanjo na wengine sindano isiyo na chanjo, kisha kulinganisha. Waliotetea utaratibu huo walisema bila ulinganisho haitajulikana kamwe kama chanjo inafaa, na chanjo isiyofaa itawapa watu ujasiri wa uongo. Waliopinga walisema haiwezekani kumchoma sindano tupu mtu ambaye mke wake amelazwa kwa Ebola. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito.

Liberia ilichagua utaratibu wa kawaida. Mwezi Februari 2015 watu 1,500 wa kujitolea waliingizwa katika utafiti jijini Monrovia, kwa matarajio ya kufikia makumi ya maelfu. Wagonjwa wakapungua kwa kasi, na hatua ya pili haikufanyika. Sierra Leone iliwaandikisha wahudumu wa afya zaidi ya 8,000, na kwa sababu hiyohiyo utafiti wake ulithibitisha usalama lakini haukuweza kupima kinga. Jaribio la ZMapp lililohitaji wagonjwa 200 liliwapata 72. Waliopewa dawa walifariki asilimia 22 na wasiopewa asilimia 37, tofauti inayoonekana kwa macho lakini ambayo kwa idadi hiyo ndogo haikutosha kuwa uthibitisho. Hivyo ndivyo gharama ya kuchelewa ilivyojitokeza: utafiti ulioanza mlipuko ukielekea ukingoni ulikosa majibu.

Guinea ilitumia mbinu iliyoisaidia dunia kuitokomeza ndui, yaani kuuzingira ugonjwa. Kila mgonjwa alipothibitishwa, timu iliorodhesha watu aliotangamana nao, kisha watu waliotangamana na hao. Orodha hiyo ndiyo iliyoitwa mzunguko mmoja. Mizunguko iligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi ilichanjwa papo hapo, mingine baada ya siku 21. Hakuna aliyepewa sindano tupu, na kila mzunguko ulijua siku yake ya kuchanjwa.

Wachanjaji wengi walikuwa Waguinea. Walipofika mahali hawakuanza na sindano. Walianza kwa viongozi wa mtaa au kijiji kuomba ruhusa ya jumla, wakaeleza tofauti ya makundi na sababu ya wengine kusubiri, ndipo wakamfuata kila mtu kwa ridhaa yake ya maandishi. Aliyekataa aliachwa na kuendelea kufuatiliwa afya yake kama wengine. Chanjo ilitakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, hivyo vyombo maalumu vya ubaridi vilibebwa hadi vijijini, katika maeneo ambayo vituo vya afya havikuwa na umeme wa uhakika.

Julai 26, 2015 kamati huru ya usimamizi iliyapitia matokeo na kushauri kuwa hakuna tena mzunguko wa kusubiri. Wote wachanjwe papo hapo, na watoto wa miaka 6 na kuendelea waingizwe. Taarifa ya mwisho ilionesha kuwa katika mizunguko 98 iliyogawanywa kwa bahati nasibu, miongoni mwa waliochanjwa mara moja hakuna aliyeugua kuanzia siku ya kumi, ilhali katika mizunguko ya kusubiri waliugua watu 16. Jumla ya waliochanjwa walikuwa 5,837.

Matokeo hayo hayakupokelewa bila maswali. Jopo la Taasisi za Taifa za Sayansi la Marekani lilieleza mwaka 2017 kuwa ushahidi unaonesha chanjo inakinga, lakini kiwango halisi cha kinga hakiwezi kutajwa kwa uhakika kutokana na idadi ya wagonjwa. Tahadhari hiyo ni halali na wananchi wanapaswa kuijua. Hata hivyo chanjo ilipata idhini ya Umoja wa Ulaya mwezi Novemba 2019 na ya Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo, kwa msingi mkubwa wa kazi iliyofanyika katika vijiji na mitaa ya Guinea.

Ghana, ambayo haikuwa na mgonjwa hata mmoja, ilipata uzoefu wa kinyume. Mwezi Juni 2015 jaribio la chanjo nyingine ya Ebola lililopangwa kufanyika Hohoe, mkoa wa Volta, lilisitishwa baada ya wananchi na wabunge kulipinga. Kwa sehemu kubwa watu walizisikia habari zake kwa njia nyingine kabla ya watafiti kuzieleza, na fidia iliyopangwa kwa washiriki ikatafsiriwa kuwa chambo. Vibali vya kisayansi vilikuwapo.

Kivu, Kampala, Kigali na Kagera

Mlipuko wa Ebola ulipotokea Kivu Kaskazini na Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwezi Agosti 2018, mbinu ya kuzingira ilikuwa tayari, na miongoni mwa wataalamu waliokwenda Kongo mwaka huo walikuwamo wachanjaji wa Guinea waliofanya jaribio la 2015. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa hadi mlipuko ulipomalizika Juni 2020, ingawa mapigano ya silaha na kutoaminiana kuliwagharimu wahudumu kadhaa maisha yao, na watu zaidi ya 2,200 walifariki. Katika vituo vya tiba vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina ndipo lilipopatikana jibu ambalo jaribio la ZMapp halikulifikia: dawa mbili mpya zilifanya vizuri zaidi kuliko ZMapp, mojawapo ikiwa imetokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995.

Chanjo ya Guinea hufanya kazi dhidi ya aina moja tu ya virusi vya Ebola, ile ya Zaire. Uganda ilipopata mlipuko wa aina ya Sudan mwezi Septemba 2022, dozi za kwanza za chanjo ya majaribio zilifika tarehe 8 Desemba, baada ya mgonjwa wa mwisho kuruhusiwa kurudi nyumbani, na jaribio halikufanyika. Uganda haikuyaacha maandalizi hayo. Mlipuko mwingine wa aina hiyo ulipotangazwa tarehe 30 Januari, 2025, kibali, dozi na timu vilikuwapo, na uchanjaji wa majaribio ulianza Kampala tarehe 3 Februari. Rwanda ilitangaza ugonjwa wa Marburg tarehe 27 Septemba, 2024 na kuanza chanjo ya majaribio tarehe 6 Oktoba.

Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera tarehe 21 Machi, 2023. Haikuwapo chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Ugonjwa ulidhibitiwa kwa kuwafuatilia waliotangamana na wagonjwa, kuwatenga na kuelimisha. Wagonjwa walikuwa tisa, sita kati yao walifariki, na mwisho wa mlipuko ukatangazwa tarehe 2 Juni mwaka huohuo.

Damu iliyosafiri, virusi vilivyobaki

Wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, maelfu ya sampuli za damu zilipelekwa katika maabara za Ulaya na Marekani. Kwa wagonjwa wengi lengo lilikuwa kupima tu. Hakuna aliyewauliza kama damu yao inaweza kuhifadhiwa na kutumika katika utafiti wa miaka ijayo. Mkataba wa Nagoya kuhusu rasilimali za kijenetiki, ulioanza kutumika Oktoba 2014, haukuandikwa kwa kuzingatia dharura za afya. Mkataba wa kimataifa wa kukabiliana na majanga ya magonjwa uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei, 2025 unatambua kanuni kwamba nchi inayotoa sampuli inufaike na chanjo na dawa zinazotokana nazo, lakini kiambatisho cha namna ya kufanya hivyo kiliachwa kwa majadiliano ya baadaye.

Mwishoni mwa Januari 2021 muuguzi wa Gouécké, mkoa uleule wa N'Zérékoré, alifariki, na baadhi ya waliohudhuria mazishi yake wakaugua. Mlipuko ulitangazwa tarehe 14 Februari na uchanjaji ukaanza tarehe 23 Februari. Wagonjwa walikuwa 23, waliothibitishwa na waliodhaniwa, na 12 kati yao walifariki kabla ya mlipuko kutangazwa kuisha tarehe 19 Juni.

Safari hii vinasaba vya virusi vilisomwa na maabara ya Conakry, kituo kilichoanzishwa baada ya mlipuko wa kwanza, sambamba na Taasisi ya Pasteur ya Dakar na washirika wa Ujerumani, na matokeo yakatolewa ndani ya wiki chache. Yaliwashangaza hata wataalamu. Virusi vilikuwa karibu sawa na vile vya mwaka 2014. Havikuwa vimetoka tena kwa popo au mnyama mwingine wa porini. Vilikuwa vimejificha kwa zaidi ya miaka mitano katika mwili wa mtu aliyepona.

Kwa maelfu ya manusura wa Guinea, Liberia na Sierra Leone, habari hiyo ilikuwa nzito. Wengi wao walikwishafukuzwa kwenye nyumba za kupanga au kukosa kazi kwa sababu ya ugonjwa waliopona, na wengine wanaendelea kuugua macho na viungo. Wanasayansi waliotoa matokeo hayo walisisitiza kuwa tukio kama hilo ni nadra sana, na kwamba manusura wanahitaji kufuatiliwa kiafya na kulindwa dhidi ya unyanyapaa. Utafiti wa aina hiyo nchini Liberia, uliowaandikisha zaidi ya manusura 1,000 tangu mwaka 2015, uliwaandikisha pia ndugu na majirani zao ambao hawakuugua, na wote walipimwa katika kliniki zilezile.